Jioni ya Nyimbo Kando ya Moto katika Kambi Moja ya Tengeru

Kambi za mahema zilizotawanyika kandokando ya barabara kuu itokayo Arusha kwenda Moshi karibu zote hutangaza moto wa jioni, na nyingi huongeza ahadi ya muziki. Ahadi hiyo hutimizwa kwa namna tofauti sana. Kwingine mgeni hukuta spika kubwa iliyounganishwa na simu ya mhudumu. Kwingine hukuta kikundi cha ngoma kinachocheza nusu saa, kikapokea bahasha na kuondoka. Na kwingine hukuta moto tu, watu wakiwa wameuzunguka kimya, kila mmoja na simu yake. Kambi ninayoitathmini hapa iko upande wa Tengeru, karibu na Ziwa Duluti, kilomita zisizozidi 15 kutoka katikati ya jiji la Arusha, nayo imechagua kuwafanya wageni wenyewe wawe waimbaji. Sitaitaja jina, kwa sababu ina kasoro nitakazozieleza bila kuzificha na nyingine kati ya hizo ni za ukanda mzima, lakini kati ya kambi nilizopata kulala katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, hii ndiyo iliyoelewa vizuri zaidi kazi ya muziki mahali watu wanapoota moto.

Sifa ya kwanza ni ya mpangilio wa eneo lenyewe. Shimo la moto limezungushiwa mawe meusi ya volkano, nalo si kubwa. Benchi zimepangwa safu mbili, ya mbele ikiwa fupi na ya nyuma ikiwa imeinuliwa kidogo, na mduara una uwazi mmoja tu wa kupitishia kuni. Mgeni anaweza kupita bila kuutambua mpangilio huu, ilhali ndio unaoamua kama wimbo utashika au utakufa. Mahali pa wazi hapana ukuta wala dari ya kurudisha sauti, hivyo kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Mtu aliye mita 3 kutoka kwa mwenzake humsikia vizuri akiimba kwa sauti ya kawaida. Umbali ukiwa mita 12, sauti hiyo imeshapoteza desibeli 12, na mlio wa kuni zinazopasuka unaanza kuimeza. Mwimbaji asiyewasikia wenzake hupunguza sauti kwa haya, jirani yake naye hupunguza, na baada ya beti mbili anabaki mwanzishaji peke yake. Nimelala katika kambi nyingine za ukanda huu, za gharama kubwa kuliko hii, ambako viti vya kukunja hupangwa mbali na moto kwa ajili ya kupendezesha picha, na wenyeji hulalamika kwamba wageni wa siku hizi hawapendi kuimba.

Nyimbo zinaongozwa na vijana wanne waliowahi kuwa wapagazi wa Kilimanjaro na Meru, na malezi hayo yanaonekana. Mpagazi huimba siku wageni wanapopokewa na siku ya kuagana, kwa hiyo amezoea nyimbo za kupokezana: mmoja anaanzisha, kundi linaitikia, na kiitikio ni kifupi kiasi kwamba hata asiyejua neno moja la Kiswahili hukidaka akikisikia mara mbili. Ufundi wao mkubwa ni subira. Mwanzishaji hutoa mstari, hunyamaza, huuacha mduara ujibu, na jibu likiwa hafifu haongezi sauti yake ili kuziba pengo, bali huurudia mstari uleule kwa utulivu mpaka watu wauzoee. Nimewasikia waimbaji stadi kuliko hawa katika hoteli za mjini wakishindwa jambo hili, kwa kuwa kazi yao imewazoesha kuwaimbia watu waliokaa kula.

Uchaguzi wa kimo cha sauti nao unastahili kutajwa, kwa sababu ndipo waongozaji wengi hukosea. Sauti za watu wasiofundishwa, wazee kwa watoto, hukutana kwa raha ndani ya oktava moja (umbali wa do hadi do ya juu yake) na kidogo tu, na baridi ya usiku hulipunguza zaidi eneo hilo. Jioni mojawapo bibi mmoja wa Kimeru, aliyekuja na wajukuu wake, alimkatiza kiongozi katikati ya ubeti: "Mwanangu, umeuanzisha juu mno, sisi wazee hatufiki huko." Kijana akamjibu, "Samahani bibi, naushusha," akauanzisha upya hatua kadhaa chini, na mduara mzima ukaingia kwa nguvu ambayo haikuwapo mwanzoni. Nilipenda kwamba bibi aliona ni haki yake kusema, na kwamba kijana hakulichukua neno lake kama aibu. Tangu hapo kila wimbo ulianzia chini.

Kambi hii pia imebahatika kuwa mahali ilipo. Katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, ambako karibu kila usharika na kila parokia ina kwaya yake, ni vigumu kukusanya watu kumi bila kupata wawili walioimba sauti ya pili na mmoja wa besi. Vijana wanaoongoza wanalijua hilo, na wanapoona familia za wenyeji zimekaa, huacha nyimbo za kupokezana kwa muda na kuanzisha wimbo wa kwaya unaojulikana na wengi. Sauti hugawanyika zenyewe bila mwalimu wa kuzigawa. Wageni kutoka nje, ambao mara nyingi hawajawahi kusikia watu wasiofahamiana wakipangana sauti nne papo hapo, hunyamaza kusikiliza, na hapo ndipo jioni hii hufikia kilele chake. Nyimbo za mchakamchaka za shuleni nazo hufanya kazi kubwa, kwani hakuna Mtanzania wa umri wowote asiyejua kuziitikia, na mdundo wake wa kukimbia huwainua hata waliokuwa wameanza kusinzia.

Kasoro ya kwanza iko katika uteuzi wa nyimbo. Wageni wa nje wakiwa wengi, vijana hukimbilia ule wimbo wa salamu, "Jambo Bwana", uliotolewa na kundi la Them Mushrooms la Mombasa mwaka 1982, na baada yake huurudia tena, na kabla ya kuagana huuimba mara nyingine. Ni wimbo mzuri, uliotungwa kwa ustadi kwa ajili ya wageni wa hoteli za Pwani, na bado unaifanya kazi hiyo. Hata hivyo mgeni aliyetoka mlimani ameshauimbiwa njiani na ameshauimbiwa langoni, na anapoketi Tengeru angestahili kusikia kitu cha Tengeru. Nyimbo za Kimeru na za Kichagga zinazoimbwa kwenye harusi na mavuno zipo, na wazee wanaozijua wanakaa hatua chache kutoka lango la kambi.

Ushahidi kwamba jambo hili linawezekana uliletwa na walinzi wawili wa usiku, Wamaasai, walioombwa na mwenye kambi wajiunge na mduara. Wamaasai huimba bila ngoma: kiongozi, anayeitwa olaranyani, hutoa mstari juu, na wengine hutunza mdundo kwa miguno mizito ya kooni, kila pumzi ikiwa sehemu ya hesabu. Muziki wa namna hiyo hauhitaji chombo chochote na hauharibiwi na umande wala moshi, na watu wawili tu walitosha kuujaza uwanja. Naamini walinzi hao wangepewa nafasi ya kudumu katika ratiba, na kulipwa kwa kazi hiyo mbali na mshahara wa ulinzi, huduma ingepanda hadhi mara moja.

Vyombo vya kambi ni ngoma mbili za ngozi, manyanga, ilimba (chombo cha vijiti vya chuma nitakachokieleza mbele) na gitaa kavu moja, na hapa lazima nieleze kwa kirefu, kwa sababu moto uleule unaoifaa ngoma huliumiza gitaa. Ngozi ya ngoma hulegea umande unapoanza kushuka, na karibu na ziwa lililozungukwa na msitu umande hushuka mapema. Mpigaji huisogeza ngoma kwenye joto, huigeuzageuza mpaka ngozi ikauke na kukaza, kisha huigonga kwa vidole akisikiliza kama sauti imepanda. Vijana hawa hufanya hivyo kati ya wimbo na wimbo bila kuonekana kwamba wamesitisha chochote, na ngoma zao zilikuwa na sauti kavu, iliyokaza, mpaka mwisho.

Gitaa halina uvumilivu huo. Nyuzi zake za chuma zikipata joto hurefuka na sauti hushuka. Mpigaji akigeuka kuupa moto mgongo, nyuzi hupoa, hukaza na sauti hupanda. Ubao nao hukauka upande unaoelekea moto huku upande wa pili ukibaki na unyevu. Lililo baya zaidi ni gundi, kwani gundi ya mbao itumikayo kwenye magitaa mengi huanza kulainika joto likikaribia nyuzi 65 za Selsiasi, na gitaa lililolazwa kwenye benchi ya mbele linaweza kukikaribia kiwango hicho wakati mwenyewe amekwenda kuchukua chai. Hivyo ndivyo ilivyolitokea gitaa la kambi hii. Daraja linaloshika nyuzi limenyanyuka, nyuzi zimekaa juu mno kutoka kwenye shingo kiasi kwamba vidole huuma baada ya nyimbo tatu, na chombo hakikubaliani na sauti za watu kuanzia katikati ya shingo kwenda chini. Mpigaji ni hodari na anajitahidi kukwepa sehemu hizo, lakini mgeni mwenye sikio husikia.

Mwenye kambi alinieleza kwamba ana mpango wa kununua gitaa jipya la bei kubwa. Ningemshauri asifanye hivyo. Kwa kazi hii gitaa la bei ndogo lililotengenezwa kwa mbao za tabaka huvumilia mabadiliko ya joto na unyevu kuliko lile la ubao mzima, na mpigaji akikaa safu ya nyuma, pembeni, sauti itasikika vilevile bila chombo kuungua. Kinachohitajika zaidi ni kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi shingoni, ili mpigaji aufuate wimbo popote mwanzishaji alipoupeleka, na mfuko wa kulihifadhia gitaa bandani kila linapopumzishwa. Mgeni mmoja alikuja na yukulele, chombo kidogo cha nyuzi nne kilichozaliwa Hawaii kutokana na gitaa dogo la Wareno wa Madeira waliofika huko mwaka 1879. Ni rahisi kukibeba na nyuzi zake laini haziumizi vidole, ila watu wakizidi kumi sauti yake hupotea kabisa chini ya mapigo ya makofi.

Ilimba imepewa nafasi inayoistahili, na hili ni wazo bora la kambi hii. Chombo hiki cha Wagogo, ambacho marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alikitambulisha katika majukwaa ya nchi nyingi, kina vijiti vya chuma vilivyopangwa juu ya sanduku la mbao, na hupigwa kwa vidole gumba. Sauti yake ni ndogo na haiwezi kushindana na mduara unaoimba, lakini haiyumbishwi na baridi kama nyuzi. Hapa hupigwa mwanzoni, moto unapokokwa na watu wakiwa bado wanamaliza chakula, hivyo mazungumzo hupungua yenyewe bila mtu kupaza sauti kuomba utulivu.

Kuni ni suala ambalo wengi hawalihusishi na muziki, ingawa hakuna awezaye kuimba akikohoa. Kambi hutumia matawi ya mgrevilea na ya mibuni yaliyopogolewa katika mashamba ya jirani, na huo ni uamuzi mzuri, kwani hakuna mti unaokatwa kwa ajili ya moto wa starehe. Tatizo ni uhifadhi. Kuni hukaa nje zikiwa zimefunikwa turubai, na usiku wa pili wa kukaa kwangu zilitoa moshi mzito mpaka saa mbili na nusu. Kuni njema za kuotea moto huwa na unyevu wa chini ya asilimia 20, na ili zifike hapo huhitaji kupasuliwa na kukaa chini ya paa lenye kupitisha hewa kwa miezi sita au zaidi. Jambo jingine ni upepo. Usiku hewa baridi huteremka kutoka Mlima Meru, ikausukuma moshi kuelekea bondeni, na kwa bahati mbaya benchi nzuri kuliko zote ziko upande huo. Anayefika mapema achague upande wa mlimani.

Kwa kuwa nimegusa kuni, niseme neno kuhusu mti mmoja. Katika kambi moja ya nyanda za chini niliwahi kuona kigogo cha mpingo kikitupwa motoni kwa sababu ya joto lake kali. Mpingo ndio mti unaotengenezewa klarineti na oboe katika okestra za dunia, na huchukua miongo mingi kukomaa; hapo Moshi, marehemu Sebastian Chuwa na Mmarekani James Harris walianzisha mwaka 1996 mradi wa kuupanda na kuuhifadhi. Mtu anayependa muziki auulizie mti unaowashwa mbele yake kabla ya kuanza kuimba. Kambi ya Tengeru haina dosari hapo.

Inafaa pia kueleza kwa nini moto huu unathaminiwa sana na wanaotoka mlimani. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro kuwasha kuni kumekatazwa, na chakula cha wapandaji hupikwa kwa gesi. Moto mkubwa wa Oktoba 2020 ulionyesha wazi hatari iliyopo pale. Kwa hiyo mpandaji hulala usiku kadhaa kwenye baridi bila kuota moto hata mara moja, na wenyeji wake waliomwimbia njiani hawakupata kuketi naye. Hapa Tengeru huwakuta wapagazi wa zamani wakiwa na muda, na nyimbo alizozisikia akiwa anahema sasa anaweza kuziitikia.

Muziki husimama saa nne usiku, na kambi inastahili pongezi kwa kulisimamia hilo bila kuyumba. Katika hifadhi nyingi za taifa za Marekani muda wa utulivu kambini huanza saa hiyohiyo hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kuna sababu ya kimaumbile ya kuuheshimu. Ardhi inapopoa usiku, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, na hali hiyo huipinda sauti irudi chini badala ya kupotea angani, hivyo wimbo unaoonekana mdogo kwenye mduara husikika wazi kwenye mahema ya mbali na hata ng'ambo ya shamba. Nchini kwetu kelele zinasimamiwa na kanuni za mazingira za mwaka 2015, na malalamiko ya majirani dhidi ya kumbi na kambi si machache. Vijana huanza kushusha sauti saa tatu na nusu, ngoma huwekwa kando, na nyimbo za mwisho huimbwa kwa makofi mepesi au bila chochote. Kundi moja la vijana wa mjini liliomba spika baada ya saa nne na likakataliwa kwa heshima. Walinung'unika, kisha wakaenda kulala.

Mengine nitayapita haraka. Kuweka hema lako mwenyewe ni shilingi 25,000 kwa mtu mzima, na jioni ya nyimbo imo ndani ya gharama hiyo. Asiyelala hulipa 10,000 na kununua chakula. Nyama na ndizi za kuchoma ni za kawaida, mtori unaoletwa saa tatu ni mzuri sana na huja wakati mwafaka kwa koo. Vyoo ni safi, maji ya moto hukatika mapema. Vijana wanaoongoza hawapitishi kofia ya kuomba fedha katikati ya wimbo, jambo linalovunja mduara katika kambi nyingine, bali kuna sanduku la bakshishi mapokezi, na ningependa kambi iwaeleze wageni kwa uwazi zaidi kwamba fedha hizo hugawanywa sawa.

Huduma hii inafaa zaidi kwa familia, vikundi vya shule, maskauti, na wapandaji wanaoshuka wakiwa kundi. Mtu anayetaka burudani ya kutazama tu ataona jioni ni tupu, maana usiku ambao wageni ni wachache na wamechoka, hakuna onyesho la kuziba pengo. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, moto huhamishiwa bandani, ambako moshi hauna pa kutokea vizuri, nami singeshauri mwenye kifua kibovu aende miezi hiyo. Kuanzia Juni hadi Agosti anga ni kavu zaidi lakini baridi ni kali, na blanketi za kambi hazitoshi watu wote, hivyo mgeni abebe shuka nzito. Mwezi mzuri kuliko yote kwa nyimbo ni Desemba, familia za Kichagga zinazotoka Dodoma, Mwanza na kwingineko zinapolala hapa usiku mmoja kabla ya kuendelea hadi Moshi, Marangu na Rombo kwa Krismasi, vizazi vitatu vikiwa katika gari moja na nyimbo zilezile vichwani. Nafasi za mwezi huo hujaa mapema, na kambi hupokea maombi kwa simu kuanzia Oktoba.